PROGRAMU YA KUHAMISHA MAFAILI INAPOKOSEA FOLDA ZA SEVA

Maelezo kwa Makatibu, Wahasibu na Makarani wa Vyama vya Msingi

Katika msimu wa ununuzi wa mazao hakuna karatasi yenye uzito kuliko orodha ya mapokezi. Ndani yake mna jina la kila mkulima, namba yake ya uanachama, tarehe aliyopima mazao, na kilo zilizopokelewa ghalani. Zamani orodha hiyo ilisafiri kwa bahasha, mkononi mwa mjumbe au kwa basi. Siku hizi chama chenye kompyuta na mtandao chaweza kuifikisha kwenye seva ya Chama Kikuu kwa muda wa dakika moja, kwa kutumia programu ya kuhamisha mafaili.

Wepesi huo ni neema, lakini una hatari yake. Bahasha ikipotea njiani, mjumbe ataulizwa. Faili likitua katika folda isiyo yake, hakuna wa kuulizwa, maana kompyuta ya chama husema limekwenda salama, na mhasibu wa Chama Kikuu husema hakuliona. Wote wawili husema kweli. Anayeumia ni mkulima aliyepima mazao yake kwa haki, akapewa stakabadhi, kisha siku ya malipo akaambiwa kuwa jina lake halimo.

Makala haya yanaeleza kwa nini programu hizi hukosea folda za seva, na namna karani anavyoweza kugundua kosa na kulirekebisha bila kuharibu kumbukumbu. Jambo moja liwekwe akilini tangu mwanzo, kwani mengine yote hutoka humo: programu ya kuhamisha mafaili haizioni folda zilizo kwenye seva. Husikia habari zake tu, kisha ikauchorea mchoro ule msikiaji aliye mbele ya kioo. Mara nyingi mchoro huo ni sahihi. Mara nyingine si sahihi.

1. ASILI YA KANUNI HIZI

Programu nyingi za namna hii hufuata kanuni zijulikanazo kwa herufi FTP. Kanuni hizo ziliandikwa kwanza na Abhay Bhushan huko Marekani, mwezi wa Aprili 1971, wakati kompyuta zilizounganishwa kwa mtandao zilikuwa chache na kila aina ilikuwa na namna yake ya kupanga kumbukumbu. Maandishi yanayotegemewa hata leo yalitolewa Oktoba 1985 na Jon Postel pamoja na Joyce Reynolds.

Umri huo unaeleza mengi. Waandishi wa 1985 waliweka amri ya kuomba orodha ya folda, lakini hawakuweka sura moja ya kuandika orodha hiyo. Kila seva iliachiwa iandike kwa mtindo wake, kwa kuwa ilidhaniwa kwamba msomaji atakuwa mtu, naye mtu huelewa. Baadaye zikaja programu zenye picha za folda, nazo zikalazimika kubahatisha maana ya kila mstari. Ni mwaka 2007 tu ilipotolewa nyongeza ya kanuni, yenye amri iitwayo MLSD, inayoitaka seva itaje waziwazi lipi ni faili na ipi ni folda. Seva zisizoijua amri hiyo bado zipo kazini, na hapo ndipo kubahatisha kunapoendelea.

2. MFANO WA MASIJALA

Ili jambo hili lieleweke, tuchukue mfano wa masijala katika ofisi yoyote ya serikali. Mgeni haruhusiwi kuingia ndani penye majalada. Husimama dirishani, akamwambia karani anachotaka, na karani humjibu. Mgeni hajui kabati liko upande gani; hujua tu alichoambiwa.

Programu yako ndiyo mgeni, na seva ndiyo karani. Wao huzungumza kwa maneno mafupi. Mgeni akisema PWD, maana yake ni "Niko katika folda gani?" Akisema CWD na jina la folda, anaomba apelekwe katika folda hiyo. LIST ni kuomba orodha ya vilivyomo. MKD ni kuunda folda mpya, na RMD ni kuiondoa. STOR ni kukabidhi faili liwekwe.

Yafaa izingatiwe kwamba katika mazungumzo haya daima kuna folda moja ambamo mgeni anahesabiwa kuwa yumo. Akikabidhi faili bila kutaja njia kamili, litawekwa humo humo, hata kama yeye alidhani yuko kwingine. Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu "faili lililopotea" huanzia katika kutojua jambo hili.

Tena mazungumzo haya hupita katika milango miwili. Maneno hupita mlango mmoja, kwa kawaida namba 21. Mafaili yenyewe, pamoja na orodha za folda, hupita mlango wa pili unaofunguliwa kila inapohitajika. Hivyo basi mtu aweza kupokewa vizuri dirishani, neno lake la siri likakubaliwa, na bado asipewe orodha yoyote, kwa sababu mlango wa pili umefungwa.

3. NAMBA ZA MAJIBU

Kila jibu la seva hutanguliwa na namba ya tarakimu tatu. Programu nyingi, kama vile FileZilla na WinSCP, zina mahali ambapo mazungumzo hayo huandikwa, iwe katika sehemu ya juu ya kioo au katika faili la kumbukumbu. Makarani wengi hawapatazami. Ndipo penye ukweli.

Tarakimu ya kwanza hutosha kumwongoza asiyejua zaidi. Ikiwa ni 1, kazi imeanza. Ikiwa ni 2, kazi imekamilika. Ikiwa ni 3, seva inangoja neno jingine. Ikiwa ni 4, imeshindikana kwa sasa na yafaa kujaribu tena. Ikiwa ni 5, imekataliwa, wala kurudia vile vile hakutasaidia.

Namba zinazohusu folda ni chache, na karani aweza kuzibandika ukutani:

226 – Orodha au faili limepita lote.
250 – Amri juu ya folda au faili imetekelezwa.
257 – Seva inataja jina la folda ulimo, au folda iliyoundwa.
425 – Mlango wa pili haukufunguka.
530 – Hujatambuliwa. Jina au neno la siri halikukubaliwa.
550 – Folda au faili halipatikani, au huna ruhusa.
552 – Nafasi uliyopewa imejaa.
553 – Jina la faili halikubaliki.

4. MAKOSA YANAYOTOKEA MARA KWA MARA

(a) Folda zote zinaonekana tupu, au orodha haiji kabisa

Ukiwa umeingia bila shida lakini orodha haiji, usidhani kwamba mafaili yamefutwa. Tazama mazungumzo. Ukiona 425, au programu ikingoja hadi muda ukaisha, tatizo ni mlango wa pili. Katika njia moja, seva ndiyo hujaribu kuifikia kompyuta yako, na ukuta wa ulinzi wa mtandao au ruta ya ofisi huikataa. Dawa yake ni kuchagua njia ile ambayo kompyuta yako ndiyo huanza kufungua mlango, yaani njia ya PASV.

Katika njia hiyo seva hutoa jibu la 227 lenye namba sita. Nne za kwanza ni anwani, na mbili za mwisho huonyesha mlango: ya tano huzidishwa kwa 256, kisha ya sita huongezwa. Kwa mfano, 195 na 80 humaanisha mlango namba 50000. Ikiwa anwani iliyotajwa inaanza kwa 192,168 hali seva iko mjini nawe uko kijijini, basi seva imetaja anwani ya ndani ya jengo lake, ambayo huwezi kuifikia. Kosa hilo hurekebishwa na fundi wa Chama Kikuu. Zipo programu zinazoligundua zenyewe na kutumia anwani sahihi, nyingine hukwama.

(b) Faili limepelekwa lakini halipo katika folda yake

Tuseme kwamba folda ya chama ni /MAPOKEZI/NOVEMBA. Karani ameifungua kwenye kioo, akapeleka faili, akaona 226. Mhasibu wa Chama Kikuu halioni. Kwanza iulizwe: je, wawili hao wanaita mahali pamoja kwa jina moja?

Seva nyingi humfungia kila mtumiaji ndani ya eneo lake, ili asione ya wenzake. Kwa mtumiaji huyo mkwaju mmoja (/) ndio mwanzo wa dunia. Kwa fundi aliyeko kwenye seva yenyewe, mahali hapo hapo paweza kuwa ndani sana, chini ya folda nyingine nne au tano. Zaidi ya hayo, chama kikiacha FTP na kutumia SFTP, ambayo ni kanuni nyingine kabisa ipitayo mlango namba 22, huenda njia ile ile ikaandikwa kwa urefu tofauti. Agizo lililohifadhiwa zamani litaelekeza pasipo, na programu yaweza kubaki katika folda ya kuingilia. Mafaili yote yatarundikana humo.

Sababu ya pili ni kuburuta folda kwa bahati mbaya. Katika programu zenye picha, mkono ukiteleza juu ya kipanya, folda moja huingizwa ndani ya jirani yake kwa nukta moja. Kwa seva hilo ni agizo halali la kubadilisha jina: hujibu 350, kisha 250, na haiulizi mara mbili. Folda "iliyotoweka" hupatikana mara nyingi ndani ya folda iliyokuwa juu au chini yake katika orodha.

(c) Majina yenye kasoro

Seva zinazotumia Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Kwao Mapokezi, MAPOKEZI na mapokezi ni folda tatu. Kompyuta ya ofisini yenye Windows kwa kawaida haitofautishi. Kwa hiyo karani wa zamu ya asubuhi akiandika hivi na wa jioni akaandika vile, seva itakuwa na folda mbili, kila moja ina nusu ya wakulima.

Nafasi kati ya maneno nayo ni mtego. Programu inayosoma orodha kwa kuhesabu safu yaweza kuikata "MAPOKEZI YA NOVEMBA" ikabakiza neno la kwanza tu, kisha ikaomba folda isiyokuwapo na kujibiwa 550. Nafasi iliyoachwa mwanzoni au mwishoni mwa jina ni mbaya zaidi, kwa sababu jicho haliioni. Jina linaloanza kwa kistari nalo laweza kudhaniwa na seva kuwa ni sharti la amri, wala si jina.

Mkwaju pia uangaliwe. Windows huandika njia kwa mkwaju wa nyuma (\), lakini FTP kwenye Linux hutumia mkwaju wa mbele (/). Agizo likipelekwa kwa NOVEMBA\orodha.csv, seva ya Linux haitaliweka faili katika folda ya NOVEMBA. Itaunda faili moja katika folda ulimo, jina lake likiwa ni maneno hayo yote pamoja na mkwaju. Jibu litakuwa 226, na karani atakwenda nyumbani akiwa ameridhika.

Herufi zisizo za kawaida, kama zile zenye alama juu, zaweza kugeuka kuwa alama za kuuliza au michoro isiyosomeka. Nyongeza ya kanuni ya mwaka 1999 ilielekeza matumizi ya mpangilio wa UTF-8, lakini si kila seva ya zamani huufuata. Lugha yetu ya Kiswahili haina taabu hiyo, maana huandikwa kwa herufi za kawaida. Tatizo huingia pale mtu anaponakili jina kutoka katika waraka wenye vistari virefu au alama za kunukuu zilizopinda.

(d) Folda inaonekana kama faili, au tarehe zimevurugika

Katika seva za mtindo wa Unix, mstari wa orodha huonekana hivi:

drwxrwxr-x 2 chama chama 4096 Nov 12 07:00 MAPOKEZI

Herufi ya kwanza, d, ndiyo inayosema kwamba hii ni folda. Kistari mahali pake humaanisha faili. Herufi l humaanisha kiungo, yaani kibao kinachoelekeza kwingine, na kibao hakisemi kama huko kwingine kuna faili au folda. Programu nyingine hubahatisha ni faili, na ukibofya hujaribu kulishusha badala ya kuingia ndani.

Seva za Windows zaweza kuandika mstari ule ule kwa sura nyingine:

11-12-24 07:00AM <DIR> MAPOKEZI

Hapa mwezi hutangulia siku. Msomaji wa kwetu ataelewa ni tarehe 11 Desemba, kumbe ni 12 Novemba. Programu nayo yaweza kukosea vivyo hivyo. Ikiwa imewekwa isome mtindo wa Unix hali seva huandika mtindo wa Windows, orodha yote yaweza kutoka tupu au imevurugika. Tazama mahali palipohifadhiwa anwani ya seva katika programu yako, na pale panapotajwa aina ya seva uchague ile ya kujitambulia yenyewe, isipokuwa fundi amekuagiza vingine.

Saa nazo hudanganya. Seva nyingi hufuata saa ya dunia, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Faili lililopelekwa saa 4 asubuhi huonekana limeandikwa 07:00, yaani saa 1 asubuhi. Anayetumia kazi ya kulinganisha folda mbili ili yapelekwe mafaili mapya pekee aweza kurukwa na orodha ya siku hiyo, kwa kuwa programu imekosea lipi ni jipya na lipi ni la zamani.

(e) Folda haikubali kuundwa, kuandikwa wala kufutwa

Jibu la 550 lina maana zaidi ya moja, hivyo yasomwe pia maneno yanayoifuata. Ikiwa ni ruhusa, rudi kwenye zile herufi za mwanzo wa mstari. Herufi r ni ruhusa ya kusoma, w ya kuandika, na x, inapokuwa juu ya folda, ni ruhusa ya kuingia. Zinapangwa mara tatu: kwa mwenye folda, kwa kikundi chake, na kwa wengine. Folda isiyo na w kwa ajili yako haitakubali faili jipya, hata kama waweza kuyasoma yaliyomo.

Ikiwa seva husema kwamba folda si tupu nawe huoni kitu ndani, isadiki seva. Kwenye mfumo wa Unix majina yanayoanza kwa nukta hufichwa, na programu yaweza kutoonyeshwa. Iagize programu ionyeshe mafaili yaliyofichwa, kisha utazame tena.

(f) Kioo kinaonyesha hali ya zamani

Ili kuokoa muda, programu huhifadhi orodha iliyokwisha kupokea na kuionyesha tena bila kuuliza upya. Mwenzako wa Chama Kikuu akihamisha folda saa hii, kioo chako chaweza kuendelea kuionyesha ilipokuwa. Katika FileZilla bonyeza F5 ili orodha iombwe upya. Katika WinSCP bonyeza Ctrl pamoja na R. Hatua hii ndogo huondoa mashaka mengi, na ndiyo ya kwanza kusahauliwa.

5. UTARATIBU WA KUFUATA

Karani anapoona kwamba folda haiko sawa, afuate hatua hizi kwa mpangilio, wala asiruke hata moja:

Kwanza, asimamishe kazi ya kupeleka. Asirudie kutuma.

Pili, aombe orodha upya.

Tatu, asome mazungumzo na aandike katika daftari namba ya jibu la mwisho pamoja na maneno yake, tarehe na saa.

Nne, aulize yuko wapi. Programu nyingi huruhusu amri kuandikwa kwa mkono. Aandike PWD, na jibu la 257 litataja folda kamili.

Tano, alinganishe jina hilo, herufi kwa herufi, na jina lililo katika maagizo ya Chama Kikuu.

Sita, atafute faili katika folda ya kuingilia na katika folda jirani, huku mafaili yaliyofichwa yakionyeshwa.

Saba, akilipata, alinganishe ukubwa wake kwa baiti na ule wa nakala ya ofisini. Ukubwa ukiwa sawa, aliweke mahali pake. Ukubwa ukiwa pungufu, faili lilikatika njiani. Apeleke upya katika folda sahihi.

Nane, asipolipata, amwarifu mhasibu wa Chama Kikuu siku hiyo hiyo, akimsomea yale aliyoyaandika katika daftari.

6. MAMBO YA KUEPUKA

Usifute folda kwa sababu tu inaonekana tupu. Tumekwisha kuona sababu za folda yenye mali kuonekana haina kitu. Tena FTP haina pipa la taka. Seva ikiondoa, imeondoa. Unapoiagiza programu ifute folda, yenyewe huingia ndani na kufuta faili moja baada ya jingine. Ikiwa njiani iliingia katika kiungo kinachoelekeza kwingine, yaweza kufuta yasiyokuwa ya chama chako.

Usitume faili lenye jina moja kila siku. Kwa kanuni, STOR ikikuta faili lenye jina hilo hilo, hulifuta la zamani na kuweka jipya mahali pake. Orodha ya Jumatatu iitwayo orodha.csv itamezwa na ya Jumanne iitwayo orodha.csv. Weka tarehe katika jina, ukianza na mwaka, kwa mfano mapokezi_2024-11-12.csv. Majina ya namna hiyo hujipanga yenyewe kwa mfululizo wa siku, wala hayana nafasi wala herufi kubwa.

Usifute nakala ya ofisini kwa kuona 226. Namba hiyo yathibitisha kwamba faili limepita, haithibitishi kwamba limefika kwa mhusika. Nakala ibaki hadi Chama Kikuu kitakaporudisha uthibitisho wa idadi ya wakulima na jumla ya kilo.

Usitegemee kivinjari cha mtandao kufungulia anwani za FTP. Firefox na Chrome ziliondoa uwezo huo mwaka 2021. Mtu anayefuata maelekezo ya miaka ya nyuma ataona kwamba seva imekufa, kumbe seva ni nzima na kivinjari ndicho kimeacha kazi hiyo.

Mwisho, FTP ya asili hupeleka jina na neno la siri bila kuyaficha, na aliye katikati ya njia aweza kuyasoma. Majina ya wakulima na kilo zao ni siri ya chama na wanachama wake. Palipo na uwezekano, itumike SFTP, au FTP yenye kufunikwa kwa TLS iliyowekewa kanuni mwaka 2005.

7. WAJIBU WA CHAMA KIKUU

Si haki kumtwika karani wa kijijini mzigo wote. Chama Kikuu chenye seva kina wajibu wake, nao ni huu: kuunda folda zote kabla ya msimu kuanza, ili asiwepo karani anayelazimika kuunda yake kwa kukisia, kutoa majina hayo kwa maandishi, katika herufi ndogo na bila nafasi, kumpa kila mtumiaji ruhusa inayolingana na kazi yake na si zaidi, kutunza nakala ya kila siku, na kurudisha uthibitisho wa mapokezi. Kabla ya kuhamia seva nyingine au kubadilisha kanuni, vyama vya msingi viarifiwe mapema na faili la majaribio lipelekwe na kila chama.

Halmashauri za vyama nazo zisione kwamba haya ni mambo ya mafundi peke yao. Mjumbe wa halmashauri asiyejua kuendesha kompyuta bado anaweza kuuliza maswali matatu: Je, jumla ya kilo zilizopelekwa ni sawa na jumla ya stakabadhi zilizotolewa? Je, Chama Kikuu kimethibitisha? Je, daftari la upelekaji limejazwa? Maswali hayo hayahitaji elimu ya mitambo. Ni maswali yale yale yaliyoulizwa wakati wa bahasha na mjumbe wa basi.

Mizani hutunzwa ili isimpunje mkulima ghalani. Folda nazo zitunzwe vivyo hivyo, ili zile kilo zilizopimwa kwa haki zifike zikiwa kamili mbele ya yule anayeandika malipo. Kwa hiyo kila chama kiteue karani mmoja na msaidizi wake, wapewe maelezo haya, na wafanye jaribio la kupeleka faili lisilo na thamani kabla siku ya kwanza ya ununuzi haijafika.